Namba Mbili za Kusoma Kabla ya Kununua Lenzi ya Darubini

Darubini za kioo za wanaoanza huuzwa pamoja na lenzi mbili za jicho, yaani vile vijirija unavyochomeka kwenye darubini na kuchungulia. Aghalabu moja huwa ya milimita 25 au 20, na nyingine ya milimita 10 au 4. Kwa wiki za mwanzo zinatosha. Mwezi unaonekana na mashimo yake, Mshtarii inaonyesha miezi minne, Zohali inatoa pete. Kisha maswali yanaanza. Mbona Mshtarii ni ndogo hivi? Mbona lenzi ya 4 hainionyeshi kitu ila ukungu? Boksi limeandikwa mara 525, ziko wapi?

Hapo ndipo mwenye darubini anapoanza kutafuta lenzi mpya, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Lenzi zinazouzwa ni nyingi, majina yake yanatatanisha, na kila muuzaji anasifu ukuzaji. Ukiagiza kutoka nje, gharama za usafiri na ushuru zinaweza kukaribia bei ya lenzi yenyewe, na kuirudisha isipokufaa ni kazi nyingine. Kwa hiyo inafaa ununue chache, tena zile hasa darubini yako inazozihitaji.

Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanatokana nao: usianze na orodha ya lenzi, anza na namba mbili zilizobandikwa kwenye mrija wa darubini yako. Namba hizo zitakuambia lenzi zipi zinafaa, zipi ni kupoteza fedha, na ipi itangulie.

D na F

Karibu na fokasa, kile kishikio cha lenzi chenye vifundo viwili vya kuzungusha, utaona kibandiko kimeandikwa kitu kama D=130mm, F=650mm. D ni kipenyo cha kioo kikuu kilichoko chini ya mrija, ambacho ndicho kinachokusanya mwanga. F ni urefu wa fokasi, yaani umbali ambao mwanga husafiri kutoka kwenye kioo hicho hadi unapokutana na kutengeneza taswira.

Gawanya F kwa D: 650 kwa 130 ni 5. Darubini hiyo ni f/5. Ile ya milimita 114 yenye fokasi ya 900 inakaribia f/8. Ya 76 yenye 700 ni kama f/9. Darubini ya Dobson, ile ya kioo inayosukumwa kwa mkono juu ya kitako chake, ya 150 yenye 1200 ni f/8, na ya 200 yenye 1200 ni f/6. Iandike namba hii ya f mahali, maana tutairudia mara nyingi.

Ukitaka kujua lenzi itakuza mara ngapi, gawanya F kwa milimita za lenzi. Kwenye darubini ya 650, lenzi ya 25 inakuza mara 26 na ya 10 inakuza mara 65. Kadiri milimita za lenzi zinavyopungua, ndivyo ukuzaji unavyopanda.

Kuna hesabu ya pili ambayo watu wengi hawaifanyi, nayo ndiyo yenye manufaa zaidi. Elekeza darubini kwenye anga jeupe la mchana, upande ulio mbali kabisa na Jua, kisha rudisha kichwa nyuma kama sentimita 30. Utaona kiduara cha mwanga kinaelea juu ya lenzi. Huo ndio mwali unaoingia jichoni. Upana wake unaupata kwa kugawanya milimita za lenzi kwa namba ya f. Lenzi ya 25 kwenye f/5 inatoa mwali wa milimita 5, na ya 10 inatoa wa milimita 2.

Mwali ukiwa mpana, taswira inang'aa lakini ni ndogo. Ukiwa mwembamba, taswira ni kubwa lakini imefifia. Ukishuka chini ya nusu milimita, giza linazidi na hata vijiuzi vinavyoelea ndani ya jicho lako vinaanza kukukatiza. Ukizidi upana wa mboni, mwanga wa ziada unamwagika nje ya jicho bure. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, na ya mtu mzima huishia kwenye 5 au 6.

Moja, mbili, tano

Kutokana na mwali tunapata kanuni rahisi ya kukariri. Darubini ya mwanzo inahitaji lenzi tatu: moja inayotoa mwali wa milimita 1, moja wa milimita 2, na moja wa milimita 5 au karibu na hapo. Kuzijua, zidisha namba yako ya f kwa moja, kwa mbili na kwa tano. Kwenye f/5 utapata lenzi za milimita 5, 10 na 25. Kwenye f/6 ni 6, 12 na 30. Kwenye f/8 ni 8, 16 na 40, ingawa hiyo 40 ina tatizo tutakalolieleza mbele.

Lenzi ya kwanza, ambayo milimita zake ni sawa na namba ya f, inatoa ukuzaji ulio sawa na kipenyo cha kioo. Darubini ya 130 itakuza mara 130, ya 114 mara 114. Ukuzaji huu ni wa sayari, Mwezi na nyota pacha, na kioo hapo kimeshatoa karibu kila kilichomo. Unaweza kupanda hadi mara mbili ya kipenyo, yaani mara 260 kwa kioo cha 130, lakini huo ni ukomo wa usiku tulivu sana. Zaidi ya hapo hakuna undani mpya unaojitokeza. Ni sawa na kuvuta picha ndogo kwenye simu kwa vidole viwili: inakuwa kubwa, inakuwa na ukungu, na haina jambo jipya.

Sasa ile mara 525 ya boksi inaeleweka. Kwenye darubini ya 76 yenye fokasi ya 700, lenzi ya milimita 4 inakuza mara 175. Ukiiweka juu ya kikuzaji cha plastiki cha mara 3 unapata 525. Hesabu ni sahihi, ila kioo cha milimita 76 ukomo wake ni mara 150 hivi. Hata ile mara 175 imeshapita mpaka.

Lenzi ya pili, ya mwali wa milimita 2, ndiyo itakayokaa kwenye darubini muda mrefu kuliko zote. Ni ya galaksi, nebula na marundo ya nyota. Omega Centauri, rundo kubwa kuliko yote ya mviringo yanayoonekana angani, lina upana wa dakika 36 za tao, unaozidi kidogo upana wa Mwezi. Lenzi ya 10 kwenye fokasi ya 650 inalifanya lijae vizuri na nyota za pembeni zianze kujitenga moja moja. Msomaji wa London hawezi kuliona kabisa kwa kuwa halichomozi kwake. Wa Nairobi au Dar es Salaam huliona juu vizuri jioni za Mei na Juni.

Lenzi ya tatu, ya mwali mpana, ni ya kutafutia na ya kuona vitu vikubwa. Kilimia kina upana wa kama digrii mbili, na ukikikuza mara 65 unaona nyota chache tu huku kundi zima limepotea. Nebula ya Carina, karibu na Msalaba wa Kusini, nayo ni ya ukubwa huohuo. Vitu hivi vinataka ukuzaji mdogo, na ndiyo sababu kununua lenzi za kukuza peke yake ni kujinyima nusu ya anga.

Zipi ubaki nazo, zipi uziweke kando

Kabla ya kutoa fedha, kagua ulizo nazo. Lenzi ya 25 inayokuja na darubini nyingi za 130 na Dobson ndogo si mbaya. Kingo zake si kali, lakini katikati inafanya kazi. Baki nayo, itakuwa ya mwisho kubadilishwa. Ya 10 ya seti hizo ndiyo dhaifu: uwanja wake, yaani upana wa duara unaloliona ndani ya lenzi, ni mwembamba na taswira haina ukali. Ndiyo ya kwanza kubadilisha.

Kama lenzi yako imeandikwa herufi H au SR mbele ya namba, mfano H20mm au SR4mm, hizo ni za muundo wa Huygens na wa Ramsden. Wa kwanza ni wa karne ya 17, wa pili wa karne ya 18, na yote miwili ilibuniwa kwa ajili ya darubini ndefu nyembamba. SR4 iweke kando moja kwa moja: kwenye 76/700 ukuzaji wake umepita mpaka, tundu lake ni dogo, na jicho linalazimika kusogea hadi kope ziguse kioo. Kikuzaji cha plastiki cha mara 3 nacho kiende nayo. Seti nyingine huja na lenzi ya 20 inayosimamisha taswira wima ili uone miti na majengo. Kwa anga haina faida yoyote, maana nyota haina juu wala chini, na uwanja wake ni mfinyu.

Pima pia unene wa kijirija chako. Kipimo cha kawaida ni inchi 1.25, karibu milimita 32. Darubini kuukuu na zile za bei ya chini sana hutumia kijirija chembamba cha inchi 0.965, yaani milimita 24.5, ambacho lenzi zake nzuri sasa ni adimu. Kubwa zaidi ni inchi 2, ambayo huingia kwenye Dobson za 200 na nyingine za namna hiyo. Lenzi za inchi 2 ni nzito. Fokasa ya plastiki huinama chini yake na Dobson nyepesi hupoteza mizani ikaanza kuinamisha pua.

Majina utakayokutana nayo

Jina la kwanza ni Plössl. Lilitokana na Georg Simon Plössl, fundi wa lenzi wa Vienna aliyebuni muundo huu mwaka 1860: vioo vinne vilivyounganishwa viwili viwili. Uwanja wake ni wa digrii 50 hivi, taswira ni safi, na bei ni ya chini. Kwa milimita kuanzia 10 hadi 32, Plössl ni chaguo la heshima kwa darubini yoyote ya mwanzo.

Udhaifu wake uko kwenye nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya kioo cha juu cha lenzi na mahali jicho linapopaswa kukaa. Katika Plössl nafasi hiyo ni karibu robo tatu ya milimita za lenzi. Ya 25 inakupa kama milimita 18, ni raha. Ya 10 inakupa 7 au 8. Ya 6 inakupa 4 au 5 tu, na hapo unatazama huku umekodoa na kope zinapaka mafuta kwenye kioo. Usinunue Plössl iliyo chini ya milimita 8 au 9, hata kama bei inavutia.

Kwa lenzi fupi, tafuta zile za uwanja wa digrii 58 hadi 66. Zinauzwa kwa majina mengi ya biashara na mara nyingi ni lenzi ileile yenye nembo tofauti. Ndani yake mna vioo vya nyongeza vinavyorudisha nafasi ya jicho hadi milimita 15 au zaidi bila kujali ufupi wa lenzi. Ya milimita 5 au 6 ya aina hii ni raha kuitazama, jambo ambalo Plössl ya milimita hizo haiwezi kukupa. Bei yake imezidi ya Plössl kidogo, na ongezeko hilo ni halali.

Juu ya hizo ziko za digrii 82 na kuendelea. Al Nagler, aliyewahi kubuni mifumo ya lenzi ya vifaa vya mafunzo ya wanaanga wa Apollo, alizindua lenzi ya digrii 82 mwaka 1980 kupitia kampuni yake ya Tele Vue, na tangu hapo watengenezaji wengi wamemfuata. Ni lenzi nzuri kweli. Lakini moja ya Nagler inaweza kugharimu kuliko darubini yako nzima ya 130, na fedha hizo zingekununulia kioo kikubwa zaidi. Ukija kuhamia darubini ya 200 au 250, hapo zifikirie tena.

Namba ya f inarudi hapa pia. Darubini ya f/8 au f/9 inapeleka mwanga kwenye lenzi kwa pembe ndogo, na hata lenzi ya bei ya chini inaumudu hadi pembeni. F/5 inauingiza kwa pembe kubwa, na lenzi dhaifu inavuta nyota za pembeni zikawa na mabawa. Kwa hiyo mwenye 114/900 anaweza kubana matumizi kwenye lenzi bila kuumia sana; mwenye 130/650 ni heri anunue chache na bora. Ujue pia kwamba kwenye f/5 sehemu ya mikia ya nyota za pembeni inatoka kwenye kioo kikuu chenyewe, na hakuna lenzi ya kawaida itakayoiondoa.

Uwanja: anga kiasi gani linaingia

Kila lenzi ina uwanja wake kwa digrii. Ukigawanya digrii hizo kwa ukuzaji unapata kipande cha anga unachokiona. Plössl ya 10 kwenye fokasi ya 650: 50 kwa 65, kama robo tatu ya digrii. Mwezi ni nusu digrii, kwa hiyo unaingia wote na nafasi inabaki.

Kijirija cha inchi 1.25 kina mpaka wake. Huwezi kupitisha uwanja mpana kuliko tundu lenyewe, na kwenye fokasi ya 650 mpaka huo ni kama digrii 2.4. Plössl ya 32 inaufikia. Lenzi ya 24 yenye digrii 68 nayo inaufikia. Anga ni lilelile, ila ya 24 inakuza mara 27 badala ya 20, na mwali wake ni milimita 4.8 badala ya 6.4. Kwa mtu mwenye mboni ya milimita 5, Plössl ya 32 kwenye f/5 inamwaga mwanga nje, na kioo cha 130 kinabaki kufanya kazi kama cha 100. Ukiwa mjini, mwali mpana huo pia unalifanya anga la nyuma kuwa la kijivu. Mwenye f/5 achague ya 24. Mwenye f/8 achukue ya 32 bila wasiwasi, kwa kuwa kwake mwali ni milimita 4 tu.

Ndiyo maana ile 40 ya f/8 ina tatizo. Plössl ya 40 ya inchi 1.25 inabanwa na tundu hadi digrii 43 hivi, na kipande cha anga inachoonyesha hakizidi cha 32. Unapata ukuzaji mdogo zaidi na hakuna anga la ziada. Iruke.

Uwanja mpana una faida nyingine kwa darubini inayosukumwa kwa mkono. Anga linazunguka digrii moja kila dakika nne. Ukikuza mara 130 kwa lenzi ya digrii 50, Mshtarii inavuka uwanja mzima kwa dakika moja na nusu. Kwa lenzi ya digrii 82 inachukua karibu dakika mbili na nusu. Kama wewe ni mwalimu na una foleni ya wanafunzi nyuma yako, sekunde hizo zinaamua kama mtoto wa tatu ataiona sayari au ataona giza. Kwa kazi kama hiyo chagua uwanja mpana na nafasi kubwa ya jicho, hata ukipunguza ukuzaji.

Barlow na lenzi ya zumu

Lenzi ya Barlow ina jina la Peter Barlow, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19. Inakaa kati ya fokasa na lenzi ya jicho na kuzidisha ukuzaji, kwa kawaida mara mbili. Ukiwa na 25 na 10, Barlow ya mara 2 inakuongezea 12.5 na 5. Kwenye f/5, hiyo 5 ndiyo hasa tuliyokuwa tukiitafuta. Inabakiza pia nafasi ya jicho ya lenzi ndefu, na kwa kuwa inapunguza pembe ya mwanga, kingo zinapata nafuu. Nunua iliyoandikwa akromatiki, ya vioo na si plastiki, na usipite mara 2. Baadhi ya Barlow kichwa chake hufunguka kikafungwa moja kwa moja kwenye lenzi, ukapata kama mara 1.5.

Barlow haiponyi lenzi mbovu. Ukiweka ile 10 dhaifu ya seti juu ya Barlow nzuri, unachokuza ni udhaifu. Anza na lenzi nzuri ya 9 au 10, Barlow ifuate.

Lenzi ya zumu ya milimita 8 hadi 24 ni jibu jingine, na kwa mwenye f/8 ni jibu zuri: inaanzia kwenye mwali wa milimita 1 hadi 3 bila kubadilisha lenzi gizani. Kasoro yake ni uwanja, ambao kwenye 24 husinyaa hadi digrii 40 na kitu. Kwa hiyo haichukui nafasi ya lenzi pana ya kutafutia. Kwenye 130/650 zumu hiyo inaishia mara 81, na sayari zitahitaji Barlow.

Wenye miwani

Kama unaona karibu au mbali tu, vua miwani na uzungushe fokasa, darubini itarekebisha. Kama miwani yako ni ya astigmatizimu, darubini haiwezi kuirekebisha, na kwenye mwali mpana nyota zitakuwa na pembe. Kwenye lenzi ndefu ubaki na miwani, na lenzi iwe na nafasi ya jicho ya milimita 15 hadi 20. Kwenye mwali wa milimita 1 au chini, wengi huona vizuri bila miwani, kwa sababu ni sehemu ndogo tu ya katikati ya jicho inayotumika.

Anga letu linaruhusu nini

Wataalamu wa Ulaya huwaonya wanaoanza wasitegemee kupita mara 150. Kwao ni kweli. Sayari ikiwa upande wa kusini wa njia yake, kilele chake London ni kama digrii 15 tu juu ya upeo, na mwanga unapita kwenye hewa nene inayotetemeka. Afrika Mashariki, sayari hupita juu kabisa kila mwaka, karibu na utosi. Hewa iliyo kati yako nayo ni nyembamba. Kwa hiyo lenzi ya mwali wa milimita 1, na wakati mwingine ya 0.8, utaitumia usiku mwingi kuliko anavyoitumia mwenzako wa kaskazini. Kwenye f/5 hiyo ni ya milimita 4 au 5.

Kuhusu udogo wa Mshtarii, jaribu hesabu hii. Ikiwa karibu nasi, upana wake hufika sekunde 45 za tao. Ukiikuza mara 65 inaonekana na upana wa digrii 0.8, yaani imeshaupita Mwezi unaouona kwa macho matupu. Inaonekana ndogo kwa sababu inaelea peke yake kwenye giza. Dawa ni muda: kaa nayo dakika kumi, hewa itatulia kwa sekunde chache, na mikanda miwili itajitokeza, kisha zaidi. Zohali nayo ilitugeuzia pete zake ubavu mwaka 2025, zikawa kama mstari. Sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka mpaka 2032. Usiilaumu lenzi kwa jambo la sayari yenyewe.

Chunguza darubini kwanza

Lenzi mpya haitatengeneza darubini iliyoharibika mpangilio. Ielekeze kwenye nyota ang'avu, kuza mara 100 hivi, uzungushe fokasa kidogo hadi nyota iwe duara. Pete zikiwa zimekaa kati kwa kati, vioo vimepangwa. Kivuli kikiegemea upande mmoja, kaza au legeza skrubu tatu za kioo kikuu mpaka kirudi kati. Na iache darubini nje nusu saa kabla ya kutazama, ili kioo kilingane na hewa.

Ziko darubini ambazo kizuizi chake ni kioo chenyewe. Zile ndogo za mezani za 76 yenye fokasi ya 300 zina kioo cha umbo la tufe kisichoweza kukusanya mwanga mahali pamoja kwa uwiano mfupi hivyo. Ukipita mara 50 au 60 ukali unakwisha. Nyingine zina mrija mfupi wa nusu mita lakini kibandiko kinasema F=1000. Hizo zina lenzi iliyofichwa ndani ya fokasa inayorefusha fokasi, na mara nyingi ndiyo inayopunguza ukali. Kwa darubini za namna hii, nunua Plössl moja ya wastani utakayohamia nayo, kisha weka akiba kwa ajili ya darubini nyingine.

Usalama na utunzaji

Ukikuta kwenye seti kichujio cheusi kilichoandikwa SUN, cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kivunje na ukitupe leo. Joto la Jua hukusanyika hapo hapo, kichujio hupasuka ghafla, na jicho huungua kabla hujaondoa kichwa. Jua hutazamwa kwa kichujio kinachofunika mdomo wote wa darubini tu.

Kwa wanaoishi pwani, adui wa lenzi ni ukungu wa kuvu unaoota kwenye vioo. Baada ya kutazama, acha umande ukauke kabla ya kufunika, kisha hifadhi lenzi kwenye kopo lisilopitisha hewa lenye pakiti za jeli ya silika. Mifuko ya ngozi inashika unyevu, iepuke. Vumbi lipulizwe kwa pampu ya mpira. Kufuta kwa shati ni kukwaruza. Alama ya kidole ifutwe kwa kitambaa laini cha lenzi na majimaji yake, mara chache iwezekanavyo.

Mpango wa kununua

Mwenye 130/650 iliyokuja na 25 na 10: kwanza, ya milimita 5 au 6 ya digrii 58 hadi 66, kwa sayari. Pili, ya 9 au 10 nzuri badala ya ile ya seti. Tatu, ya 24 yenye digrii 68, ukipata fedha. Mwenye bajeti ndogo anunue ya 9 au 10 nzuri na Barlow ya mara 2, na kazi mbili za kwanza zitakuwa zimekamilika.

Mwenye 114/900 au Dobson ya 150/1200: kwanza Plössl ya 32, kisha ya 8 au 9 yenye nafasi ya kutosha ya jicho. Au zumu ya 8 hadi 24 pamoja na Plössl ya 32, na baada ya hapo huna deni na anga.

Mwenye 200/1200 yenye fokasa ya inchi 2: ya 30 ya inchi 2 yenye digrii 70 hivi, kisha ya 6 na ya 12.

Mwenye 76/700: Plössl ya 9 au 10 tu, ichukue nafasi ya SR4. Inakuza mara 70 hivi hadi 78, na Zohali utakayoiona hapo itakuwa bora kuliko ya mara 175.

Nunua moja, itumie hadi Mwezi uzunguke mwezi mzima, ndipo uamue ya pili. Ukijikuta hujui ipi inafuata, maana yake bado huihitaji.